Cha Zamani Kwanza

Mzee Stoo hakuwa mtu wa kupiga. Hilo lisemwe mapema, maana wapo wanaodhani mume asiyeinua mkono ndiye mume mwema. Yeye alikuwa na njia yake. Alionja kijiko kimoja, akakilaza kijiko kando ya sahani taratibu, kisha akaisukuma sahani kwa kidole kimoja kuvuka meza mpaka ikasimama mbele ya aliyepika.

"Marehemu," alisema.

Neno hilo moja tu, na lilitosha. Halafu akainuka, magoti yakimlia, akaenda kukaa kwenye kiti chake cha dirishani na kikombe cha chai kavu, ili nyumba nzima ione jinsi anavyoshinda njaa. Ndivyo ilivyokuwa jana yake, na juzi, na siku ya kabla ya juzi.

Aliyesukumiwa sahani ni mke wake wa pili. Mtaani walimwita Bi Sindano, kwanza kwa sababu alikuwa mshonaji, pili kwa sababu ulimi wake ulijua kutoboa. Kabla ya kuolewa alikuwa akiishi kwa kaka yake, katika chumba kidogo cha uani, na wifi yake hakuwahi kumpenda kama alivyompenda siku ile alipofunga mizigo. Harusi haijapoa, chumba kimeshajazwa vitanda vya watoto. Bi Sindano alijua, basi, kwamba nyuma yake mlango umefungwa na komeo.

Na kupika alijua, jamani, tusimvunjie heshima. Sokoni wauza vitunguu walijifanya hawamwoni kwa sababu ya vidole vyake. Hakununua kwa fungu kama wenzake. Alikamata kitunguu kimoja kimoja. Alikibonyeza shingoni, na kikibonyea alikirudisha. Alikipima uzito mkononi, maana kitunguu kikubwa chepesi kina hewa na uongo ndani. Alikitikisa karibu na sikio asikie ganda linavyochakarika, akakinusa mizizini. Akiona kimeanza kuchungulia jani la kijani, alimwambia muuzaji, "Hiki kapande, mwenzangu, kimeshakata shauri." Mwanamke mmoja tu ndiye aliyemvumilia, mnene, mcheshi, aliyeitwa Mama Mizani, na hata yeye alimvumilia kwa kuguna.

Nyumbani vitunguu hivyo alivipa kila kimoja haki yake. Vya maharage alivikata vidogo sana, akaviacha kwenye moto mdogo mpaka viyeyuke visionekane. Vya nyama alivikaanga mpaka vikawa rangi ya dhahabu, akaviondoa hapo hapo, kabla havijaanza kuwa vichungu. Vya mayai alivikata pete nyembamba, akavigusisha mafuta tu, vibaki na ukali wao. Jirani wa ukuta wa pili alikuwa akisimama dirishani kwake wakati wa mapishi, amefumba macho. Jirani alishiba harufu, mume alishinda njaa.

"Marehemu."

"Marehemu alifanyaje, mume wangu? Niambie, nifanye."

"Angekuwa mtu wa kuelezwa, ningekueleza. Mkono wake ulikuwa na kitu. Wako ni wa kushonea vifungo."

Mzee Stoo jina lake alilitoa kazini. Maisha yake yote alikuwa mtunza stoo wa kiwanda cha rangi, na kwa kazi hiyo hakuwa na mpinzani. Kanuni yake ilikuwa moja, na aliwaimbia vijana wake mpaka wakaiota: cha zamani kwanza. Kopo lililoingia mwanzo ndilo linalotoka mwanzo. Jipya likae nyuma lisubiri zamu. Hakuna rangi iliyowahi kukauka kwenye rafu zake. Alipostaafu walimpa saa ya ukutani na mkono wa kwaheri, naye akaondoka na kanuni yake, akaileta nyumbani.

Huko nyumbani kanuni ilikuwa na kichekesho chake. Mkate wa jana uliliwa kabla ya wa leo, na wa leo ukasubiri kuwa wa jana. Kwa hiyo katika nyumba ile hakuna mtu aliyewahi kuonja mkate laini. Bi Sindano alipogundua alicheka peke yake jikoni mpaka akajipangusa machozi. Alidhani ni mkate tu. Nyuma ya mlango wa jikoni kulikuwa na ufunguo umening'inia kwenye msumari, umeota kutu, ufunguo wa kijistoo cha vyakula ambacho mzee hakukikanyaga tena tangu mazishi. Bi Sindano aliupita kila siku, wala hakuuliza.

Kisha likaja neno. Ilikuwa asubuhi, mzee ananyoa ndevu mbele ya kioo, hata hakugeuka.

"Kaka yako anakuja Jumapili?"

"Anapita na lori lake, atakula hapa."

"Vizuri. Kama chakula cha Jumapili ni hikihiki, ataondoka na mtu wake."

"Mtu wake nani?"

"Ana dada wangapi?"

Bi Sindano alikaa kwenye cherehani yake siku hiyo akashona mkono wa gauni mahali pa kola. Aliogopa. Hakuogopa kumkosa mzee, hapana. Nani amlilie mzee yule? Aliogopa wifi yake akifungua mlango na kumwona amesimama na begi, amerudishwa kama sufuria iliyotoboka. Aliogopa kulala sakafuni kati ya vitanda vya watoto, aambiwe asikorome. Mwanamke wa makamo akirudishwa kwa ajili ya kitu kikubwa, watu humwonea huruma. Akirudishwa kwa ajili ya mchuzi, watu hucheka mpaka wanakaa chini.

Palikuwa na mtu mmoja anayejua. Binti wa Mzee Stoo, aliyezaliwa na marehemu, mwanamke mzima anayefanya kazi kwa dobi, kupiga pasi tangu asubuhi mpaka jioni. Aliishi mle ndani, alikula kila alichopikiwa, alisema asante mama mdogo, aliosha sahani yake. Lakini baba yake alipoisukuma sahani na kusema lile neno lake, Bi Sindano alimwona binti akiinamisha kichwa na kutabasamu. Si mara moja. Kikulacho ki nguoni mwako, alijiambia.

Ijumaa alimfuata uani, anaanua nguo.

"Binti yangu, mama yako alikuwa anapikaje?"

"Kama watu wote, mama mdogo."

"Nimejaribu vya watu wote. Vikavu, vibichi, vya kusaga, vya kuunguza. Niambie, mwanangu. Unajua Jumapili kuna nini."

"Najua."

"Unajua na unacheka?"

Binti akakunja shuka. Alikuwa na mikono ya kazi yake, kila kunjo limenyooka. Na hapo ule ulimi uliompa Bi Sindano jina lake ukafanya ulichozoea.

"Au ndiyo limbwata? Sema tu. Mama yako alimtilia nini baba yako humo chunguni mpaka leo analia kama fisi kaburini?"

Shuka ikaanguka. Binti hakuiokota. Uso wake ulibadilika, na alipoanza kusema alisema polepole, na kila neno Bi Sindano alilihisi mwilini.

"Mama yangu alimtilia vitunguu vilivyooza."

"Nini?"

"Vilivyooza, mama mdogo. Baba alikuwa ananunua gunia zima la vitunguu vizuri, anafungia stoo, ufunguo anatembea nao. Kila asubuhi anaingia, anabonyeza kimoja kimoja, anatafuta kile kilicholainika kuliko vyote, anampa mama. Cha zamani kwanza. Vile vizima vinabaki ndani vinasubiri. Vikifika zamu yao navyo vimeoza. Gunia likiisha analeta jingine. Mimi nimekua katika nyumba yenye vitunguu gunia zima, na sikuwahi kula kitunguu kizima."

Bi Sindano alikumbuka ule mkate. Safari hii hakucheka.

"Mama alikuwa anakata sehemu iliyooza," binti akaendelea, "lakini ukikata yote hakibaki kitu. Basi anavikaanga mpaka vinakuwa vyeusi, harufu ife. Halafu anakamulia ndimu ili tusijue uchachu umetoka wapi. Huo ndio mkono wake. Hiyo ndiyo siri. Alipougua, mwishoni, chakula chote kilikuwa kinamkataa. Akaomba kitu kimoja. Kitunguu kizima, kibichi, kikatwe, kitiwe chumvi. Nilikwenda kwa baba kuomba ufunguo. Aliniambia, 'Tumalize hivi kwanza.' Mama akafa kabla havijaisha."

Jirani alifungua dirisha, akawaona, akalifunga.

"Na mimi umeniacha nisukumiwe sahani mwaka mzima," Bi Sindano akasema.

"Sina ugomvi na wewe. Ningekwambia, ungempikia." Binti aliokota shuka, akaikung'uta vumbi. "Nataka afe na hamu yake. Afe anaililia. Naomba usimpikie, mama mdogo. Sijawahi kukuomba kitu."

Bi Sindano alirudi kwenye cherehani yake. Tusimlaumu haraka, binti alikuwa na pasi yake na mshahara wake, angeweza kupanga chumba kesho. Lakini tusimsafishe pia. Alilijua ombi lile lilivyokuwa zito, na Jumamosi asubuhi alikuwa sokoni.

"Mama Mizani, vile unavyotupa viko wapi?"

"Vya kuku?"

"Vya watu."

Mama Mizani alicheka mpaka meza ikatikisika. "Wewe! Wewe unayenusa mizizi kama daktari! Leo umekuja kuokota jalalani? Mungu hamwachi mja wake." Akawaita wenzake waje waone. Walikuja, wakaona, wakatoa maoni. Alimjazia mfuko mzima bure, vilainifu, vyenye ndevu za kijani, vingine vinatoa maji. Bi Sindano aliubeba mpaka nyumbani ameuweka mbali na gauni lake, na nzi wawili watatu wakamsindikiza.

Jumapili kaka mtu alifika na lori, tumbo mbele, kicheko mbele zaidi. Na, tazameni mambo, alileta zawadi: gunia la vitunguu, ametoka kuvipakia shambani kwa tajiri wake. Vikavu, vizito, vimefunga shingo, maganda yanang'aa kwa wekundu. Bi Sindano alifungua mdomo wa gunia akashika kimoja, na roho ikamuuma. Hajapata kushika kitunguu kizuri kama kile. Alikirudisha, akaenda jikoni kumenya vilivyooza.

Kisu kiliingia bila sauti. Ndani palikuwa na tabaka la kahawia linaloteleza, kisha kizima kidogo, kisha tena uozo. Alikata, akatupa, akakata. Macho hayakumchoma kwa ukali. Yalimchoma kwa uvundo. Alivitia kwenye mafuta akavisonga, vikapita rangi ya dhahabu, mkono wake ukataka kuviondoa kwa mazoea, akauzuia. Vikawa kahawia. Vikawa vyeusi. Moshi ukajaa, na ndani ya moshi ile harufu ikafa kidogo kidogo, kikabaki kitu kizito, kitamu, kichungu. Akatia nyama. Akakamua ndimu.

Binti alitoka chumbani kwake. Alisimama kwenye mlango wa jikoni akavuta pumzi mara moja. Uso wake ulikuwa uso wa mtoto aliyesikia sauti ya mama yake ukumbini, akakimbia, akakuta ni mtu mwingine. Alikwenda kukaa mezani.

Mzee Stoo alionja kijiko kimoja, akatulia. Akaonja cha pili. Kijiko hakikulazwa. Machozi yalimtoka waziwazi, yakapita kwenye mashavu aliyoyanyoa vizuri, akaendelea kula huku yakidondoka kwenye sahani. Aliimaliza, akaisukuma kwa kidole kimoja kuvuka meza.

"Ongeza," alisema.

Bi Sindano alipakua kwa furaha mpaka mchuzi ukafurika ukingoni. Amepona! Kaka yake, aliyekuwa anatafuna kwa adabu huku jicho limemtoka, alisema chakula kimekolea.

"Shemeji," Mzee Stoo akamwambia, "nikuambie ukweli. Leo ulikuwa uondoke na mtu wako."

"Acha utani, shemeji."

"Sina utani. Lakini mtu hufundishika. Nimemfundisha kama nilivyowafundisha vijana wa stoo: kazi mbovu usiipokee, irudishe kila siku, iko siku italetwa nzuri. Tazama sasa. Mikono yake imeanza kufanana na mikono ya watu."

Bi Sindano angenyamaza tu. Alikuwa ameshinda, nyumba ni yake, kitanda ni chake, wifi yake asingemwona mlangoni. Lakini mwaka mzima wa sahani ulimpanda kooni, na ulimi ule haukuwa na kifuniko.

"Mzee, unajua umekula nini?"

"Nimekula chakula cha marehemu."

"Umekula takataka. Vitunguu vya jalalani, vilivyooza, nimeviokota kwa Mama Mizani mbele ya soko zima. Hiyo ladha unayoililia ni uozo. Marehemu hakuwa na mkono wowote wa ajabu. Ulikuwa unampa vilivyooza kutoka stoo yako, akavichoma mpaka vikawa vyeusi ili wanao wasitapike. Alipokuwa anakufa alikuomba kitunguu kizima kimoja. Ukamnyima. Binti yako huyu hapa, mwulize."

Kaka mtu aliweka kijiko chini. Binti alikuwa amemkazia baba yake macho, hapepesi, kama mtu aliyesubiri kwa miaka mlango fulani ufunguliwe. Bi Sindano naye alimtazama mumewe, akingoja uso ule ubomoke.

Mzee Stoo alitafuna kilichokuwa kinywani. Alimeza. Alifumba macho kwa muda, na yalipofumbuka yalikuwa yanang'aa.

"Kumbe," alisema.

Alichovya ncha ya kijiko kwenye mchuzi, akailamba.

"Kumbe si mkono wake. Miaka yote namsifu yeye, kumbe ni mimi!" Alipiga meza kwa kiganja, akacheka, kicheko cha kijana. "Ni utaratibu! Walinicheka, shemeji. Kiwandani walinicheka, marehemu mwenyewe alinisema kwa majirani. Cha zamani kwanza. Kumbe ndimo utamu ulimokuwa."

"Baba," binti akasema. Sauti yake haikufika mbali. "Alikuomba kitunguu kimoja."

"Nakumbuka. Vilikuwa vimebaki vichache vya zamani. Tuliwapikia watu wa msiba, vikaisha vyote. Na vile vizima vikafuata zamu yao hapo hapo msibani. Hakikutupwa hata kimoja, mwanangu." Alilisema hilo kwa upole, kumfariji.

Kisha akainuka. Magoti yalilia, hakuyasikiliza. Alikwenda nyuma ya mlango wa jikoni, akautoa ufunguo kwenye msumari, akaupangusa kutu kwa shati lake. Kufuli ilikuwa ngumu, ikakubali. Gunia lilikuwa zito kwake, akamwita shemeji yake amsaidie, na kaka mtu, ambaye jambo moja tu alilitaka siku ile, nalo ni kuondoka peke yake, alilibeba gunia lile mbio mbio mpaka ndani, akapangusa mikono, akaaga. Dada yake alimsindikiza mpaka kwenye lori. Alimwambia, "Kaka." Akamjibu, "Vumilia, mdogo wangu, mbona anakupenda," akawasha gari.

Jioni ile binti alipanga nguo zake kwenye begi, kila kunjo limenyooka. Bi Sindano alisimama mlangoni kwake.

"Nisamehe, mwanangu."

"Nilikuomba," binti akasema. "Angalau alikuwa anadhani ni mama." Akampita bega kwa bega, akatoka, mlango akaufunga bila kuubamiza.

Asubuhi Bi Sindano alimkuta mumewe ameshaamka, amevaa koti lake la kazini la zamani, lile la rangi ya majivu, ufunguo umening'inia kwenye kifungo. Mlango wa stoo ulikuwa wazi. Vile vya kaka yake vilikuwa vimepangwa rafuni safu kwa safu, vikubwa, vikavu, vyekundu, chumba kizima kinanukia. Chini, mbele kabisa, palikuwa na ule mfuko wa Mama Mizani, bado umejaa zaidi ya nusu, sakafu imelowa chini yake.

Mzee Stoo aliinama, akabonyeza kimoja, akabonyeza kingine, kwa kidole gumba, kwa uangalifu wa fundi. Alipata alichokitaka. Kilikuwa kinachuruzika.

"Mume wangu," Bi Sindano akasema, na mwenyewe aliishangaa sauti yake jinsi ilivyonyenyekea, "nipe na kimoja kizima. Si cha chunguni. Cha kwangu mimi, nikate, nitie chumvi."

Mzee alimtazama kwa mapenzi ambayo hakuwahi kumwonyesha tangu amwoe. Alimshika mkono, akaufungua kiganja, akakiweka kile kitunguu ndani, akamkunjia vidole juu yake kimoja kimoja.

"Tumalize hivi kwanza," alisema.